Mbio za Kuimba, Mbio za Kunyamaza

Kuna mbio za kuimba na kuna mbio za kunyamaza. Za kwanza kila mtu wa Bujumbura anazijua. Jumamosi asubuhi vikundi vinatoka mitaani, wazee kwa vijana, mistari miwili miwili, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, makofi yanapigwa na miguu yote inatua pamoja. Wanapanda kilima cha Kiriri kwenye nyumba za wakubwa, wanawaamsha mbwa wa mabalozi, halafu wanashuka. Hata wakati wa vita tulitoka. Mtu aliyefungiwa ndani wiki nzima akisikiliza risasi, ukimpa saa mbili za barabara atazikimbia tu, hata kama mama yake atalala mlangoni kumzuia. Wangu alikuwa karibu kulala.

Za kunyamaza ndizo zilizokuwa zangu. Nilikuwa mkimbiaji wa mita elfu moja na mia tano, msichana wa Buyenzi, kitambaa kichwani, suruali ya michezo chini ya sketi. Katika mbio hizo hakuna pumzi ya wimbo wala ya neno moja. Unasikia miguu ya walio nyuma yako, basi. Nilizipenda kuliko chakula, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa adabu.

"We mutoto," mama alikuwa akinitania mbele ya majirani, "hizo mbio zako zitakimbiza mpaka wachumba."

Zilikuwa zimeshawakimbiza wawili, na sikuwafuata.

Baba alikuwa fundi wa springi za malori. Ua wetu ulijaa vyuma vilivyopinda, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine chini ya lori ili lisikae juu ya ekseli. Alivichoma, akavigonga, akavipinda upya, na jioni alikuwa kiziwi wa nusu saa nzima. Hakuwahi kuja kuniona nikikimbia. Alijua tu kwamba napata viatu na kwamba jina langu lilishatajwa redioni, na hilo la redio alilisimulia kila kona ya mtaa mpaka nikawa naona aibu kwenda dukani.

Kocha wetu, mwanajeshi mstaafu aliyependa filimbi kuliko maneno, alikuwa ameniita pembeni. Mwaka unaofuata timu ingesafiri kwenda mashindano nje ya nchi. Msichana mmoja tu wa mbio zangu angechukuliwa, na kwa jinsi nilivyokuwa nakimbia, msichana huyo angekuwa mimi. Kila mtu alielewa maana yake. Waliopanda ndege na timu hawakuwa wakirudi wote. Usiku huo niliwaambia wazazi wakati wa kula. Mama aliacha kula. Baba alimaliza tonge lake, akanawa, akasema:

"Ukienda, usirudi. Utatutumia picha."

Nilitaka kuondoka. Nalisema waziwazi kwa sababu siku hizi nakutana na watu wanaosimulia miaka ile kana kwamba wote walibaki kwa kuipenda nchi. Mimi nilibaki kwa sababu ya goti. Nilikuwa nimechoka kulala na viatu miguuni, tayari kukimbia risasi. Mwenzangu wa mazoezi, aliyekuwa akinisukuma kwa kasi kila mzunguko wa mwisho, alikuwa akiishi Mutakura, mtaa ambao watu walikuwa wakifukuzwa humo usiku. Jumamosi moja hakuja, iliyofuata hakuja, na nyumbani mwao walikuwemo watu wengine waliosema hawajui lolote. Baada ya hapo nilikimbia peke yangu, na nafasi katika ndege ndicho kitu pekee nilichokuwa nikikifikiria, kuamka na kulala.

Nilivunjika mguu nikiwa karibu na nyumbani. Ilikuwa jioni, saa ya kutotoka nje inakaribia, milio ya risasi ikasikika upande wa mto, na watu wote wa barabara yetu wakaanza kukimbia pamoja. Mtaro wa maji machafu ulio mbele ya ua wetu nilikuwa nimeuruka tangu utotoni bila kuutazama. Siku hiyo mzee mmoja aliuruka wakati mmoja nami, akanigusa bega, mguu wangu ukapiga ukingo wa saruji. Nilisikia mlio mdogo tu. Mfupa ulikuwa umepasuka pale chini ya goti, kwenye kichwa cha muundi.

Daktari aliyenitibu alikuwa kijana mpole mwenye kliniki ndogo upande wa mjini. Alinifunga plata, ile chokaa ngumu inayoshika mfupa, kuanzia juu ya paja mpaka kwenye vidole. Alisema nirudi baada ya wiki sita aifungue, na kwamba siku hiyohiyo nitaanza kulikunja goti, kidogokidogo, kwa sababu goti lisilokunjwa linasahau kazi yake. Nilimuuliza kama nitakimbia tena. Alisema nitakimbia. Hakuwa mwongo, maskini. Alisema alichokijua.

Siku ya kufunguliwa ikaangukia *ville morte*. Aliyekuwepo anakumbuka siku zile. Vijana wanafunga barabara kwa mawe na matairi, maduka yanafungwa, mji mzima unaambiwa ufe, na anayeonekana njiani anajitafutia kifo mwenyewe. Tulikaa ndani. Ilipokwisha, baba alinibeba kwa baiskeli mpaka kliniki, tukaikuta imefungwa kwa mnyororo. Mlinzi wa duka la jirani alituambia daktari amevuka mpaka na familia yake, labda atarudi mambo yakitulia.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa kwingine hatalielewa. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, na mafundi wale wana adabu yao. Gari lililofunguliwa na fundi mmoja, mwingine haligusi. Hata mwenye gari akibembeleza, hata fundi wa kwanza akiwa kitandani anaumwa, gari litakaa juu ya matofali mpaka aliyelifungua aje alifunge mwenyewe, au atume mtu aseme kwamba fulani anaruhusiwa. Anayeingiza spana katika kazi ya mwenzake haaminiwi tena, na hata msikitini watu wanampa salamu ya juujuu. Baba alikuwa ameilinda adabu hiyo maisha yake yote. Ilikuwa ndiyo heshima yake, kwa sababu nyingine hakuwa nayo.

"Hii ni kazi ya dokta," alisema akiigonga plata yangu kwa kidole, kama anavyogonga chuma kusikia kama kina ufa. "Yeye njo alifunga. Yeye njo atafungua."

"Na kama harudi?" mama akauliza.

"Atarudi. Fundi haachi kazi katikati."

"Tumupeleke kwa mwingine."

"Mwingine ataingiaje mukazi ya mwenzake? Wewe ungekubali mutu aje amalize chakula ulichopika?"

"Kama kinaungua, ndiyo!"

Basi tukangoja. Ukutani kwa baba ilining'inia misumeno ya kila aina. Misumeno ya kukata chuma kinene kama mkono wangu. Nilikuwa nimelala chini yake, mguu umenyooka kama ubao, natazama meno yake kutwa nzima. Plata ilianza kunuka. Nililia, nikagomba, nikagoma kula. Baba alikuja kukaa karibu nami kila jioni, akanipepea, akaniambia dawa ya haraka ni mbaya, na kwamba mfupa ukikaa muda mrefu ndani unakuwa mgumu zaidi, na ugumu ndio nguvu. Katika kazi yake ilikuwa kweli. Springi iliyolegea haibebi.

Wiki sita zikawa miezi mitatu na ushee.

Mama ndiye aliyekata. Alingoja Ijumaa, baba akiwa ameshakwenda msikitini, akaleta beseni la maji ya moto, siki, kisu cha jikoni na mkasi wake wa kukatia vitambaa. Akailowesha plata mpaka ikawa uji, akakata huku akinung'unika.

"Mi si fundi," alisema. "Mi sina adabu ya mafundi."

Mguu uliotoka mle haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya majivu, paja limeingia ndani. Mama aligeuza uso. Nikajaribu kukunja goti na halikutikisika hata kidogo, kana kwamba nimeiomba meza ijikunje. Baba aliporudi alikuta vipande vya plata uani. Hakufoka. Aliviokota kimoja kimoja, akavitia kwenye gunia, akaliweka pembeni, ili daktari akirudi aonyeshwe kwamba si yeye aliyefungua.

Sitasimulia yote ya miezi iliyofuata. Mama alipasha mawese, akanikanda usiku na asubuhi mpaka mashuka yote yakawa mekundu. Nilikaa ukingoni mwa baraza, nikajifunga vyuma vya springi kwenye kifundo ili uzito wake ulivute goti chini, na nilipiga kelele bila haya, majirani wakazoea. Goti lilikubali kidogo, likakubali tena, halafu likafika mahali likasimama. Pale lilipokunjika kama la mtu aliyeketi kitini, au pungufu kidogo, kulikuwa na kitu ndani kinacholizuia, na kitu hicho hakikusikia mawese wala maombi.

Hata hivyo nilitembea. Kisha siku moja, nikiwa nimechelewa kwenda kuchota maji, nikakimbia bila kufikiri, na mguu ukakimbia.

Hapo ndipo matumaini yalipoanza kunidanganya. Nilirudi kwenye kikundi cha Jumamosi. Nilipiga makofi, nikaitikia nyimbo, nikapanda Kiriri na kushuka, na hakuna aliyeona kasoro. Sikuchechemea. Wazee walinishika mkono, "Alhamdulillah, mutoto amepona." Baba alitangaza habari hiyo kila kona, kama alivyotangaza ile ya redioni. Mimi mwenyewe nililala usiku ule nikitabasamu. Nilikuwa mpumbavu, lakini mpumbavu mwenye sababu, kwa sababu mguu ulikuwa umekimbia kweli.

Kocha hakutabasamu. Aliniambia nimfuate Jumapili Zone Industrielle, upande wa viwanda, kwenye barabara ndefu iliyonyooka kati ya maghala, ambayo Jumapili haina malori. Akaniambia nikimbie kwa mwendo wa kuimba, kutoka lango la ghala moja mpaka lingine. Nikakimbia. Akaniambia nirudi kwa mwendo wa kati, ule ambao mtu anaweza kusema neno mojamoja. Nikarudi, na nikahisi jambo dogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani lakini hajui ni nini. Kisha akapiga filimbi, maana yake kasi yote.

Niliondoka vizuri. Hatua chache nilikuwa mimi. Halafu mguu wa kulia ukaanza kuchelewa. Mtu anapokimbia kwa kasi, mguu ukishaachana na ardhi unapaswa kujikunja mpaka kisigino kinakaribia makalio, unakuwa mfupi, mwepesi, unapita haraka mbele. Wangu haukujikunja. Ulikuja mbele ukiwa mrefu, ikanibidi niuzungushie nje, nyonga ikipanda, kama mtu anayepitisha ngazi mlangoni. Na ulipotua mbele haukunishika. Goti lilizama chini ya uzito wangu, lilizama wakati lilipotakiwa lisimame imara linirushe. Niliongeza nguvu, likazama zaidi. Nilifika kwa kocha nikiwa nimepinda kama mwanamke aliyebeba ndoo upande mmoja.

Alinikalisha kwenye ngazi za ghala. Akachuchumaa, akashika kifundo changu cha mguu, akakiminya. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

"Sikia. Mumbio ya pole-pole, kazi inafanywa na hii ya chini. Kifundo na ile kamba ya kisigino. Goti inasindikiza tu. Hii yako ya chini haina shida, njo maana Jumamosi watu hawaoni kitu. Lakini ukiongeza mwendo, kifundo inabaki vilevile, haiongezi. Anayeongeza ni goti. Muguu ikitua, goti inapaswa kuwa ngumu, ngumu sana, kila mwendo unavyopanda. Ikiwa hewani, inapaswa kuwa laini, ijikunje yote."

"Na langu?"

Aliachia kifundo.

"Lako limegeuka. Ni gumu hewani, na laini chini. Ndani limeshikana, halikunji. Na paja limeisha, halishiki."

"Litarudi?"

"Paja, labda. Ile ya ndani, mi sijui. Mi si dokta."

Nilimchukia jioni nzima. Nimekimbia na maneno yale miaka mingi na sijapata kosa ndani yake. Ugumu ambao baba aliusifu ulikuwa umekuja mahali ambapo hautakiwi, na mahali ulipotakiwa hakuna kitu. Kwa mwendo wa kuimba nilikuwa mzima kama mtu yeyote. Kadiri mwendo ulivyopanda ndivyo nilivyozidi kuwa kilema, na katika ule mwendo mmoja nilioupenda, ule wa kunyamaza, nilikuwa kilema kamili. Ulemavu wangu ulikuwa na kasi yake. Ukinikuta nimesimama huuoni.

Nilifanya mazoezi ya paja kama kichaa. Nilipanda na kushuka ngazi, nilibeba gunia la mchanga, nilichuchumaa mpaka pale goti linaponiruhusu. Paja lilirudi kidogo. Lile la ndani halikurudi. Kocha aliniona, akasema, "Siku ya kuchagua timu nitakuweka kwenye mustari. Zaidi ya hapo sina." Sikumwambia baba neno lolote. Ningemwambia nini? Alikuwa amenunua kitambaa cha kunishonea nguo ya safari.

Siku ya kuchagua timu ilikuwa Ijumaa, alasiri. Nilikuwa napasha mwili moto nyuma ya goli nilipomwona baba anaingia uwanjani. Alitoka msikitini moja kwa moja, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia, viatu vya wazi vya ngozi anavyovaa siku za harusi. Mtu ambaye hakuwahi kuja hata mara moja. Alikaa kwenye saruji ya jukwaa, mikono magotini, akanyanyua kidole kimoja kunisalimu. Ningeweza kushindwa mbele ya dunia nzima siku ile, isipokuwa mbele ya kanzu ile.

Tulikuwa wasichana saba. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa pole, kila mmoja anamtazama mwenzake, hakuna anayetaka kuongoza. Basi nikaongoza mimi. Kwa nini nisiongoze? Kwa mwendo ule nilikuwa mzima. Mguu ulitua, kifundo kikanirusha, nikapita mbele ya jukwaa na nikamsikia baba anapiga makofi, makofi yale ya mtu mwenye mikono migumu, pa, pa, pa. Mzunguko wa pili pia nilikuwa mbele. Nakiri kwamba hapo niliomba. Sikuomba nishinde. Niliomba wale wengine wachoke, wawe wavivu, wakimbie hivi hivi mpaka mwisho, mwendo wa kuimba.

Katika mzunguko wa tatu mmoja alitoka pembeni, akanitazama usoni, akaondoka. Wote wakamfuata. Niliuita mguu na haukuja. Ulizunguka nje, ukatua, ukazama, ukazunguka, ukazama. Nilikuwa nasikia miguu yao mbele yangu, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusikia miguu ikienda mbali nami. Nilifika wa mwisho. Kocha alikuwa ameshageuka kuandika. Aliyeshinda alichaguliwa, akasafiri, hakurudi, na nasikia ana watoto wakubwa huko. Simwonei kijicho. Namwonea, lakini kidogo.

Baba alinipokea kwenye lango kwa uso mkunjufu.

"Umekimbia vizuri, mama," alisema. "Umeongoza mizunguko miwili! Wale wengine wamekushinda pumzi tu. Na hukuchechemea hata kidogo, nilikutazama."

Kutoka kule juu jukwaani hakuona kitu. Aliona binti yake mbele, kisha akaona wengine wamemzidi pumzi.

"Ndiyo, baba," nilisema.

"Mwaka mwingine utapata."

"Inshallah."

Tulishika njia ya Buyenzi, yeye mbele mimi nyuma. Jua lilikuwa bado halijazama na barabara ilijaa watu wanaowahi nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Alikuwa anaongea bila kugeuka, ananieleza jinsi atakavyozungumza na kocha. Ndipo milio ikaanza, karibu, karibu sana, kutoka upande wa soko. Kwanza mitatu, halafu mfululizo. Barabara nzima ikalipuka kwa watu. Baba akaikusanya kanzu kwa mkono mmoja mpaka magotini, akakimbia.

Sikuwahi kumwona baba akikimbia. Alikuwa na miaka karibu sitini, kitambi, viatu vya harusi vikamtoka kimoja kimoja, na alikimbia kwa miguu mitupu, visigino vikiruka juu nyuma yake. Nami nikakimbia. Nilikimbia kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, mkimbiaji wa timu, mwenye viatu vya miiba mkobani, na baba yangu mzee aliendelea kuwa mbali. Wanawake wenye watoto mgongoni walinipita. Mwanamume mwenye kuku alinipita. Mguu ulizunguka, ukazama.

Alifika kwenye ukuta wa gereji moja, akajibanza, akageuka kunitafuta kando yake, mahali alipoamini nipo. Hakuniona. Akaangalia nyuma. Nilikuwa bado katikati ya barabara, nakuja, na kwa mara ya kwanza aliniona kwa karibu nikikimbia kasi yangu yote. Aliangalia uso wangu kidogo tu. Kisha akaangalia mguu. Aliuangalia kama anavyoangalia lori likiingia uani, kabla mwenyewe hajasema tatizo ni nini.

Alirudi. Alirudi akipingana na watu wote, kanzu imeshuka inaburura, akanishika kiunoni, akanivuta mpaka ukutani. Tulikaa chini pale. Milio ikaendelea kidogo, ikasogea mbali, ikaacha. Hakuna aliyetuambia ilikuwa nini na hatukuuliza. Baba alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya goti langu, akausukuma muundi nyuma taratibu, mpaka pale palipozoea kukataa. Akasukuma tena. Akaacha.

"Haikunji," alisema.

"Haikunji, baba."

"Tangu lini?"

Hakuwa anauliza, alijua ni tangu miezi ile ya plata. Akainuka, akaenda kuvitafuta viatu vyake barabarani. Alipata kimoja.

Nyumbani mama alikuwa ameshika mlango. "Wamemuchukua mutimu?" aliuliza.

"Apana," baba alisema, akapita ndani, akaswali, akalala bila kula.

Hatukulizungumza jambo hilo, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Hakuniomba radhi, nami sikumdai. Baba yangu alikuwa mtu wa zamani, njiani anatangulia yeye, mke na watoto wanafuata. Tangu jioni ile mpaka anafariki, kila tulipotoka pamoja, sokoni, msibani, hata miaka ile bunduki ziliponyamaza na watu wakaanza kutembea bila kutazama nyuma, alinisubiri mlangoni nitoke kwanza, kisha akaja nyuma yangu.